Bunduki Aliyoiacha Tomash

Tangu Tomash azikwe mwezi wa nne, hakuna aliyeigusa bunduki yake. Ilikuwa nyuma ya mlango wa chumbani, imezungushiwa blanketi, na mjane wake, Vukosava, alipita hapo kila siku bila kuitazama. Kisha polisi wakaleta barua: mrithi aombe kibali, au bunduki irudishwe kituoni mjini Kolashin. Mwanawe aliyeko Ujerumani akamwambia kwenye simu, "Mama, mimi huku nitawinda nini? Irudishe tu."

Basi asubuhi moja ya ukungu Vukosava akakaa kando ya jiko la kuni. Alianza na visu, maana nguruwe angechinjwa kesho yake. Alivifuta kimoja kimoja, akavipaka mafuta ya nguruwe yasiyotiwa chumvi. Chumvi huleta kutu; Tomash alilisema hilo kila mwaka kana kwamba ndiyo kwanza amelivumbua.

Kisha akaitoa bunduki. Hakutaka askari waseme mumewe alikuwa mzembe. Akalowesha kitambaa kwa mafuta, akaifungua ile mitutu miwili ili apitishe ufito wa kusafishia. Katika mtutu wa kushoto mlikuwa na risasi.

Tomash hakuwahi kuingiza ndani bunduki yenye risasi; aliwahi kumfukuza mgeni mezani kwa kosa hilo. Na tangu Januari hakuwinda. Saratani ya tumbo ilimlaza kitandani mpaka mwisho.

Akaitoa risasi, akavaa koti, akateremka kwa Radoje, aliyewinda na Tomash tangu ujana wao. Alimkuta uani akipasua kuni.

"Shemeji! Nguruwe si kesho? Au ameshatoroka kwa kuniogopa?"

Vukosava akaiweka risasi juu ya gogo. "Hii ilikuwa kwenye bunduki ya Tomash."

Radoje akaitazama. Kicheko kikamkauka.

"Aliniomba mimi," akasema. "Mwezi wa pili. 'Nipeleke msituni, uniache na bunduki, halafu useme ni ajali.' Nikamtukana, shemeji. Nikamwita mwoga. Mtu anateketea kwa maumivu, mimi namwita mwoga! Nikaona haya kurudi."

"Alikuwa akikuulizia kila siku. Nikamwambia achana naye, huyo keshakusahau."

"Si ungekuja kuniita?"

"Ungekuja?"

Radoje akainama, akaanza kuokota vipande vya kuni vilivyotapakaa.

Vukosava alipanda kurudi nyumbani akiwa na hasira, asijue amkasirikie nani. Kila asubuhi alimwacha Tomash peke yake nusu saa, akienda kukamua ng'ombe. Nusu saa nzima, na bunduki hatua tatu kutoka kitandani. Je, Tomash alijizuia kwa ajili yake? Au nguvu za kuinuka zilishamwishia? Hakuna aliyebaki wa kumjibu. Akakaa tena jikoni, akapitisha ufito mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akapaka mafuta bawaba, vifyatulio, hata skrubu za kitako, mpaka kitambaa kikatoka safi.

Kesho yake Radoje alichinja nguruwe, nao walifanya kazi bila maneno mengi. Ijumaa akampeleka Kolashin kwa gari lake. Askari hakuifungua bunduki. Alinakili namba, akampa karatasi atie sahihi, akailaza juu ya nyingine tatu zilizokuwa zimeshika kutu.

"Tayari, mama. Unaweza kwenda."

Njiani mvua ilianza kunyesha. Walipofika langoni, Vukosava hakushuka mara moja.

"Nina kabichi na mbavu jikoni," akasema. "Njoo ule."

"Shemeji, mimi sistahili..."

"Sijakuuliza unastahili nini. Nimekuambia njoo ule."

Radoje akazima gari. Walikula wakitazamana kwa shida, na Radoje alipojaribu kulitaja jina la Tomash sauti ilimkatika. Vukosava akamwongezea kabichi, asimwambie anyamaze wala aendelee.