Wakamwambia Nipo Njiani

Ndege ilikuwa imeshaacha ardhi, na mke wangu alikuwa bado anampungia mkono binti yetu, ambaye tulimwacha kule nje kabisa, nyuma ya kuta na vioo na maaskari.

"Hakuoni," nikamwambia.

"Najua," akasema, akaendelea kupunga.

Tulikuwa tunarudi nyumbani, safari ya kutwa nzima, ndege tatu za kushuka na kupanda. Tulikuwa tumekwenda kumwona mjukuu. Tulikusudia kukaa miezi miwili, tukakaa mitatu, maana mke wangu alisema nafasi za kurudi zimejaa. Kukaa kwenyewe sikukuzoea. Nimepika melini, nimechimba migodini, nimeendesha malori hadi miji ambayo sikujifunza hata kusalimia watu wake. Lakini kuzurura kote huko nilikuwa na mahali pamoja pa kurudia, napo ni kiti cha mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa kinyozi. Mtaa mzima ulimwita Wembe, hata mkewe alimwita hivyo. Tangu ndevu zangu za kwanza, hakuna mkono mwingine uliozigusa. Nikikawia wiki, nilirudi na ndevu za wiki. Nikikawia mwaka, nilirudi kama beberu. Naingia kibandani mwake na mzigo begani, sijasalimia mtu, nakaa. Yeye anafunga kitambaa shingoni, anapaka povu, anasema, "Haya kaka, anza pale ulipoondoka." Mimi nasimulia, yeye ananyoa, na wateja wanaosubiri wanatia maneno yao. Nikiongeza chumvi, anausimamisha wembe hapa kooni. "Hapo rudia vizuri." Kwangu mimi safari ilikuwa haijaisha mpaka yapite hayo.

Nilimwacha anakohoa. Nilitaka kuahirisha kwenda kwa binti, akanifukuza. "Nenda bwana, utaniletea habari za mtoto. Kikohozi hiki ni cha vumbi la nywele tu." Basi tukawa tunaongea kwa simu ya mke wangu. Halafu, mwezi ule wa mwisho, simu yake ikawa haipatikani. Mke wangu akaniambia imetumbukia kwenye beseni la povu, anatafuta nyingine. Niliamini. Aliyesema ni mke wangu, ningeacha kuamini kwa lipi?

Kwa hiyo siku ile nilikuwa na haraka ya kitu kimoja tu, kukaa kwenye kiti kile na kusikia kikohozi kile kimefikia wapi.

Tuliposhuka kubadilisha ndege, ofisa mmoja aliitazama picha ya pasipoti, akanitazama mimi, akaitazama tena picha.

"Huyu ndiye wewe?"

"Ndiye mimi. Niko nyuma ya hizi ndevu."

"Nimemwambia anyoe, baba, hasikii," mke wangu akadakia. Kisha akanigeukia. "Mkweo kakubembeleza mara ngapi akupeleke kwa kinyozi wa pale kwao? Kila Jumamosi kijana wa watu anakuwashia gari."

"Nikifika nimenyolewa na mtu mwingine, Wembe ataninunia mpaka mwakani."

Kwa kawaida angecheka. Safari hii alisema ana kiu, akatangulia.

Ukumbi wa kusubiria ulikuwa na viti vya chuma vilivyoungana, vya kumkatisha mtu tamaa ya kulala. Tukamkuta pale mama wa vitambaa, amevua viatu, miguu juu ya begi. Ana duka mtaani kwetu, na huwa anapanda ndege kufuata mzigo mwenyewe. Akainuka, akamkumbatia mke wangu. Mimi akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Baba, pole. Pole sana."

"Nimeshapoa, mwanangu. Ni hivi viti vya ndege tu, mgongo umekuwa kama ubao."

Akanitazama vizuri. "Nasema pole ya Wembe."

"Wembe kafanya nini?"

"Mama," mke wangu akamwambia upesi, "hebu twende ukanioneshe mlango wa ndege yetu."

Mama wa vitambaa hakwenda. Alimtazama mke wangu, akanitazama mimi, mkono wangu akausahau ndani ya mikono yake. "Hajaambiwa?"

"Niambie wewe," nikasema. "Usimtazame huyo. Nitazame mimi."

Akaniambia. Wembe alikufa mwezi uliopita, kifua kilimzidi. Watu walijaa mpaka barabarani, na vinyozi wote wa mtaa walifunga vibanda kutwa. "Mimi nilikwenda kumtazama kabla, baba. Alikuwa akisikia mlango tu anauliza, kaka kafika? Wakamwambia upo njiani, umeshapanda ndege. Basi akaomba aletewe wembe wake kitandani, akawa anaunoa kwenye mkanda. Nguvu hana, lakini ananoa. Kaka anakuja na ndevu zake, anasema."

"Nani aliwaambia nimepanda ndege?"

"Walipigiwa simu," akasema, akainama kutafuta viatu vyake.

Wa kupiga simu hiyo walikuwa watu wangu tu. Hakuna mwingine.

Nilikaa. Mke wangu akakaa viti viwili mbali nami, mkoba magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

"Ni utaratibu wa kwenu," akaanza. "Mimi nimeukuta. Mama yenu alinifundisha mwenyewe nilipoolewa. Aliye safarini hapewi habari ya msiba mpaka afike, akalishwe, anywe maji."

"Mama aliweka hivyo kwa sababu babu alipewa msiba akiwa juu ya baiskeli, akaingia mtaroni akavunjika mguu. Mimi nilikuwa juu ya baiskeli? Nilikuwa kwenye kochi la binti yako nambadilisha mtoto nepi."

"Ugeni nao ni safari."

"Haya, ni safari. Na alipokuwa mgonjwa, bado anahema, ananiulizia, huo nao ulikuwa msiba?"

Nikangoja. Mimi najua kungoja, nimengoja meli bandarini.

"Ungeondoka," akasema mwishowe.

"Ndiyo, ningeondoka!"

"Ungeondoka asubuhi ile ile. Halafu baada ya Wembe lingekuja jambo jingine, na jingine, kurudi ndiyo basi. Maisha yangu yote kazi yangu ni kukufungulia mlango uende. Mwezi mmoja tu, mume wangu. Niamke nikukute, umembeba mtoto, unaimba vibaya. Nilidhani atapona. Nilidhani utamkuta."

"Binti alijua?"

"Alijua."

"Na yule wa kuniwashia gari?"

Akainamia mkoba wake. Nikawaona wote mezani kwao jioni, wananisukumia bakuli, wananiuliza habari za migodini, wananicheka mimi na ndevu zangu. Kumbe mimi tu ndiye niliyekuwa nje ya nyumba ile.

"Nipe pasipoti yangu," nikasema. Safari yote alikuwa ameibeba yeye. Akafungua mkoba, akanipa.

Ndege ya pili ilijaa, na kati yetu alikaa bwana mmoja mnene, mpole. "Mzee, mko pamoja na mama? Nihame nikupishe?"

"Kaa hapo hapo, bwana. Umekaa mahali pazuri sana."

Chakula kilipokuja, mke wangu akampa mkate wake. "Mpelekee huyo mzee. Mwambie ale."

"Anasema ule."

"Mwambie nimeshiba."

"Anasema ameshiba."

"Nimesikia," mke wangu akasema, na yule bwana akaushika mkate ule mpaka tunatua, hajui aufanyeje.

Uwanja wa tatu ulikuwa na ubao mkubwa wa majina ya miji. Nusu yake naifahamu, najua pa kulala na pa kupata kazi ya jikoni. Nilisimama chini yake muda mrefu. Mke wangu alisimama nyuma yangu, hakunishika.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"Kwa mdogo wangu. Baada ya hapo usiniulize."

Tulifika jua likiwa bado juu. Shemeji yangu, mjane wa Wembe, alinikalisha, akaniletea maji, akasubiri niyamalize. Kisha akaanza taratibu, "Shemeji, habari si nzuri." Nilimwacha aseme yote. Hakujua kwamba nimeshajua, na nisingemnyang'anya zamu yake. Alipomaliza alifuta uso, akanitazama moja kwa moja.

"Sasa nikuulize. Tulimwambia umepanda ndege. Akakusubiri. Hiyo ndege ilikuwa gani, ya mwezi mzima?"

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, mabegi miguuni. Ningeweza kusema uongo mzuri, mimi ni hodari wa uongo wa safari.

"Muulize huyo," nikasema, nikatoka nje.

Shemeji alimuuliza, akajibiwa. Hawajasemeshana tena. Kibanda cha kunyolea alikikodisha kwa fundi simu, kodi ndiyo inayomlisha. Mke wangu alikaa nyumbani kwetu kwa wiki kadhaa, kisha akarudi kwa binti. Yuko huko. Binti hunipigia, huwa napokea, tunaongea habari za mvua. Mkwe alibadilisha kazi. Mama wa vitambaa bado anafuata mzigo wake. Mimi nawapikia wafanyakazi kwenye machimbo ya mawe, mji mwingine. Mjukuu ameshaanza kutembea.