Gundi Nyekundu

Asubuhi hiyo Gunnvor alikuwa jikoni, ski zake, zile mbao ndefu za kutelezea theluji, amezilaza juu ya viti viwili, anakwangua nta ya miaka tisa iliyopita. Goti ndilo lililomtoa kwenye mashindano ya ski ya kila mwaka. Leo alikuwa anarudi kumaliza mara ya kumi na tano. Anayefikisha kumi na tano jina lake huchongwa kwenye ubao wa ukumbi wa kijiji, na kwenye ubao ule hakuna mwanamke hata mmoja.

Shoga yake Aslaug naye alikuwa na kumi na nne. Gunnvor alipoumia, Aslaug aliapa hatashindana bila yeye. Wangevuka mstari wa mwisho wameshikana mikono.

Kipimajoto cha dirishani kilionyesha sita chini ya sifuri, ila bondeni baridi hudanganya, juu huweza kuwa na joto. Aslaug anakaa juu mlimani, njia ya mashindano inapita nyuma ya zizi lake. Kwa hiyo Gunnvor akampigia simu kumuuliza theluji ya huko ikoje.

"Kavu kama unga, shoga. Paka bluu. Mimi mwenyewe nimepaka bluu."

Akapaka nta ya bluu, ya theluji kavu, akaisugua kwa kizibo mpaka ikang'aa. Tyubu ya gundi nyekundu, ile inayoshika theluji iliyolowa wakati wa kupanda, akaiacha kabatini.

Walianza pamoja. Bondeni Gunnvor aliteleza vizuri mpaka akasahau goti, Aslaug anajikokota nyuma kama anavuta gogo. Gunnvor alimtania kwamba uzee umemfikia, akapunguza mwendo amsubiri. Aslaug akamwambia atangulie tu.

Mlima ulipoanza, hewa ikawa ya joto na theluji ikawa uji. Ski za Gunnvor hazikushika kitu. Hatua moja mbele, mbili nyuma. Akapanda kwa nguvu za mikono, akijisukuma kwa fimbo zake mbili.

"Njia!" mtu akaita nyuma yake.

Ukiitwa hivyo unapisha, huulizi. Akasogea pembeni. Aliyepita ni Aslaug, macho mbele, anapanda kama anapanda ngazi ya nyumbani. Kila alipoinua mguu, chini ya ski zake gundi nyekundu ilionekana, nene, imepakwa vizuri.

"Aslaug," Gunnvor akaita. Hakugeuka.

Kibanda cha ukaguzi kilicho juu hufungwa saa sita kamili; anayechelewa haruhusiwi kuendelea. Gunnvor alifika saa sita na dakika kumi na moja. Halvard, msimamizi, alikuwa ameshafunga njia kwa kamba. Alimpa chungwa, akamwambia kwa upole, "Mama, mwaka huu basi. Utarudi mwakani."

Alikaa kwenye benchi la kibanda, chungwa mkononi hajalimenya. Kutoka bondeni kipaza sauti kilikuwa kinasoma majina ya waliomaliza. Alilisikia la Aslaug, na makofi marefu.

Akageuza ski zake, akapiga picha ile nta ya bluu, akamtumia. Chini yake akaandika: "Wewe ulipaka rangi gani?"

Alama mbili zikatokea, kisha zikageuka bluu. Amesoma. Gunnvor akaishika simu kiganjani mpaka kioo kikazima.