Mama Ameshika Nguzo ya Saba

Jumanne asubuhi Sargylana, mkaguzi wa jengo lililosimama juu ya nguzo zilizozamishwa kwenye ardhi ya barafu, aliinama chini yake kusoma vipimajoto vya ardhi, akamkuta mama yake, waliyemzika miaka sita iliyopita, amekaa kwenye tope. Mgongo ameuegemeza kwenye nguzo ya saba, mkononi ana usinga wa singa za farasi, anafukuza mbu.

"Joto limekutoa, mama?"

"Limenitoa. Ardhi imekuwa uji, nguzo haina pa kushika. Nikiondoka hapa, jiko lenu litaanguka." Akatazama huku na huku. "Na yale mabamba ya povu ya kuifunika ardhi, ibaki na baridi yake? Yako wapi?"

"Kwenye karatasi," akasema Sargylana. Aliona haya. Kiangazi kilichopita magoti yalimuuma, hakuinama kutazama. Alitia sahihi kwamba yametandikwa. Familia thelathini na mbili zikalala juu ya sahihi hiyo.

"Uvivu wako huo! Tangu utotoni."

Alikwenda ofisini kwa mkuu wa majengo, Prokopiy, akamweleza yote. Prokopiy aliendelea kukoroga chai.

"Mama yako ana afya?"

"Ni marehemu."

"Basi hachoki. Nguzo ya saba andika: imara."

Mabamba yenyewe kila mtu aliyajua. Yalikuwa yamezunguka ghala la barafu la Prokopiy, nyuma ya nyumba yake, na watu walisifu jinsi nyama yake ya farasi ilivyoganda mwaka huo. Sargylana aliandika barua mbili kuikana sahihi yake. Zikajibiwa kwamba sahihi ni halali.

Kufikia Agosti, nguzo ya nane ilishikwa na mjomba Uybaan, naye marehemu, na ya tisa na marehemu mwalimu wa hesabu aliyelalamika kwamba amepewa kona yenye maji. Wapangaji walikumbushana wasicheze muziki wa kurukaruka.

Hapa chapati ya maji ya kwanza hupewa ardhi. Sargylana hakuitupa tena chini. Alimpa mama mkononi.

"Mabamba hawajaleta?"

"Bado. Nisamehe, mama. Pole."

"Pole haishiki nyumba, mwanangu. Hii chapati kavu, niletee siagi."

Sargylana akapanda ngazi kwa kunyata, asimwongezee mama uzito.