Kitenge Katikati ya Meza

Bibi Elina alikuwa hali chakula. Uji ulirudi, ugali ulirudi, hata ndizi za kuchemsha alizozipenda zilirudi. Msimamizi wa makao yale ya wazee pale Ihanda akasema asipokula mpaka Ijumaa, atapelekwa hospitali akalishwe kwa mpira. Bibi alilia aliposikia, maana katika wenzake waliopelekwa huko hajamwona aliyerudi.

Fauzia, mhudumu mgeni kutoka Tunduma, alikuwa na ugonjwa mmoja: kutaka kujua. Wenzake walisema bibi akili zimemruka. Yeye akajiuliza, akili gani hizi zinazoruka saa ya chakula tu? Chumbani bibi alipiga soga mpaka mate yakamkauka.

Basi akaanza kumchunguza. Tangu mhudumu mmoja aache kazi na asiletwe mwingine, wazee wa kike na wa kiume walilishwa pamoja kwenye meza moja ndefu, ili mikono michache itoshe. Ilikuwa kazi ya mbio, kijiko huku, kitambaa kule, nani ana nafasi ya kumtazama mtu usoni? Siku hiyo Fauzia aliiba nafasi. Mzee Lusubilo alipoingia na fimbo yake, Bibi Elina alijifunika khanga hadi puani akageukia ukutani. Mzee naye aliinama. Sahani ya mzee, kama kawaida, ilirudi nyeupe, bila chembe.

Mtoto wa mjini akacheka peke yake. Mapenzi ya uzeeni haya! Jioni, akimwogesha bibi, akamchokoza.

"Bibi, yule babu wa fimbo umempenda, eeh?"

"Ushindwe!" Bibi alimrushia maji. "Yule mkwe wangu. Alimwoa binti yangu Atupele, Mungu amlaze pema."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme kwa mdomo gani? Mama mkwe hatafuni mbele ya mkwewe. Nianze leo, na mvi hizi?"

Fauzia aliona aibu hadi masikioni. Wiki zote hizo walimsukumia bibi wa watu kijiko mdomoni mbele ya mkwewe, wakamwita kichaa.

Alipoomba wanaume na wanawake watenganishwe, msimamizi alisema hana mtu wa kuhudumia vyumba viwili. Fauzia hakubishana. Alhamisi mchana alifunga kamba juu ya meza, akaning'iniza kitenge chake, wanaume huku, wanawake kule.

Bibi Elina alikitazama kitenge. Akateremsha khanga, akamega tonge, akachovya kwenye maharage. Akala. Akaomba tena.

Fauzia alipozunguka upande wa pili, Mzee Lusubilo alimshika mkono.

"Binti, mama amekula?"

"Amekula, babu. Ameongeza."

Mzee akavuta pumzi, akaivuta na sahani yake. Hapo jirani yake, Mzee Yusuf, akang'aka.

"Na mimi je? Tangu tuchanganywe hapa, chakula chako nakula mimi!"