Mapambo ya Marudio

Muziki wa kale tunaoupiga kikundini una desturi yake: kipande kikirudiwa, mpigaji huongeza mapambo, yaani vinoti ambavyo mtunzi hakuviandika. Mimi kwa woga nilikuwa nikirudia vilevile kilivyoandikwa.

“Binti, utakwenda harusini na nguo za jikoni mpaka lini?” mwalimu alinitania kabla ya onyesho. “Leo usipopamba, nafasi ya filimbi ya kwanza nampa mwenzako.”

Marudio yalipofika, vidole vilipanda, vikazunguka, vikatua kwenye noti ya mwisho bila kuteleza. Mwalimu alitabasamu hadi magego yakaonekana.

Nje, mama alinikumbatia. “Mwanangu, pale mliporudia palinitoa machozi. Nani kakutungia?”

Nimezoea kujibu watu nikitazama viatu. Safari hii nilimtazama usoni.

“Mimi, mama.”