Zimwi Halisimuliwi Mchana

Lori la kwenda Kilosa lilikuwa liondoke saa sita mchana, na katika daftari langu ukurasa mmoja ulikuwa bado mtupu: ukurasa wa zimwi.

Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili Makerere. Kabla ya likizo, mwalimu wetu alitueleza jinsi baadhi ya watu wa Ulaya wanavyoigiza mizimu na wachawi usiku wa kuamkia Watakatifu Wote, na jinsi jina la kila kiumbe lilivyo na ukoo wake. Akatutaka tulete viumbe vya kwetu. Mwenzangu mmoja alisema kwa dhihaka kwamba sisi wa bara hatuna cha kuleta, maana hata jini na shetani ni maneno ya Kiarabu. Nilimjibu kwamba malaika naye ni wa Kiarabu, na hakuna padre aliyemrudisha alikotoka. Kisha, mbele ya darasa zima, niliahidi kuthibitisha kwamba zimwi ni letu.

Msimulizi niliyemtegemea alikuwa Bibi Eufrasia, mama wa baba yangu. Nilifika kwake Ifakara jana yake jioni kutoka Malinyi, nikamkuta amelala kwa uchovu wa kupura mpunga. Asubuhi nilimwamkia, nikamweleza shida yangu.

"Hadithi haisimuliwi mchana," alisema, huku akipepeta. "Anayesimulia mchana huota pembe. Ngoja jioni."

"Jioni nitakuwa njiani kurudi Makerere, Bibi."

"Basi njoo likizo ijayo. Zimwi halihami."

Nilimwendea binamu yangu Balbina, aliyekuwa akiishi na Bibi. Alinisikiliza, akatua mchi.

"Elimu yote hiyo, na bibi yako humjui? Kusimulia mchana hawezi. Lakini kusikia uongo akanyamaza, hilo pia hawezi. Njoo."

Tukaketi karibu na Bibi, Balbina akapaza sauti. "Andika, Dada Kandida. Hapo kale zimwi lilikuja kutoka pwani. Lilikuwa mtoto wa jini."

Ungo ukasimama. "Mtoto wa nani?"

"Wa jini, Bibi. Tena lilikuwa na mkia wa samaki."

"Zimwi halijaona bahari hata siku moja. Kandida, futa upuuzi huo."

"Bibi, kumbe unasimulia mchana?"

"Sisimulii. Nasahihisha." Akauweka ungo chini. "Zimwi ni mzimu uliosahauliwa. Babu akifa, watu wake humtaja, humpelekea unga na pombe kaburini, naye hutulia. Wakimsahau, njaa humtoa kuzimu. Huvimba, huota manyoya, hurudi kuwatafuta walio wake. Ndiyo maana husemwa, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Litakujuaje, kama si ndugu yako?"

Niliandika hadi vidole vikauma. Mzimu, kuzimu, zimwi: nilikwisha kuhisi kwamba maneno hayo ni ya shina moja, lakini sikujua ni ugomvi gani uliolitenga zimwi na nduguze.

Honi ikalia barabarani. Bibi hakugeuka. Punde dereva, Bwana Eustaki, akaingia uani.

"Shikamoo, mama. Tunamsubiri abiria wetu."

"Marahaba. Sijamaliza. Bado halijarudi kuzimu."

"Nini, zimwi? Si huchomwa moto tu?"

"Nani kakuambia?"

"Mama yangu, kule Mahenge."

"Mwambie namsalimu, na kwamba alikosea. Zimwi huitwa kwa jina lake. Likisikia jina, hukumbuka kwamba lilikuwa mtu, hulia, likarudi lenyewe."

Bwana Eustaki alitaka kubisha, kisha akavua kofia.

"Sasa andika jina la babu wa baba yako," Bibi aliniambia. "Ligoneko. Hakubatizwa, na vijana wa siku hizi hawamtaji. Asomwe huko Makerere, asije akaona njaa."

Niliandika Ligoneko kwa herufi kubwa.

"Binti," Bwana Eustaki alisema taratibu, "hapo chini pana nafasi? Babu yangu aliitwa Mkomangi."

Nilikuwa bado naandika alipoingia mama mmoja kutoka kwenye lori kuuliza kwa nini hatuondoki. Balbina alimweleza. Mama yule alifikiri kidogo, akavuta kigoda.

Tuliondoka saa nane. Hakuna abiria aliyelalamika; kule nyuma walikuwa wakikumbushana majina, wakibishana nani alikuwa baba wa nani, nami nililiacha daftari wazi magotini.