Mgomba wa Kumzikia Melchior

Pikipiki ilikuwa imeshapita Maboya, ikiteremka kwenda Beni. Mbele dereva, nyuma yake Léa, nyuma ya Léa mume wake Melchior, aliyeuawa kwenye shamba la kakao mwaka uliopita, mwili usionekane. Kwenye kizuizi askari aliomba karte za utambulisho.

"Miye nilishakufa," Melchior akasema.

"Bon, pita. Mama, ya kwako iko wapi?"

Kwao Butembo, mtu asiyepatikana huzikiwa mgomba. Wanakata shina, wanalivalisha shati lake, wanalia, wanafukia, naye analala. Lakini anayechimba ni ndugu wa marehemu, na Kasika, mdogo wake Melchior, alikataa.

"Shemeji, batu banasema kichwa yako iliharibika. Siwezi kuita kilio kwa neno ya mutu ya wazimu. Docteur aseme kwanza uko muzima."

Basi kila jioni Melchior alikuja kukaa jikoni, akipiga miayo. Mwishowe Léa akapanda pikipiki kwenda kwa daktari wa akili.

Daktari alikuwa kijana mwenye adabu, ametoka mbali, amesoma mbali zaidi.

"Papa, samahani, mwachie mgonjwa kiti," alimwambia Melchior. Kisha akamgeukia Léa. "Mama, unaona watu ambao hawapo?"

"Hapana. Huyu iko. Hata weye unamuona."

"Jibu swali tu. Ni nani huyu?"

"Bwana yangu. Alikufa. Anataka kulala. Mais uliza basi, kwetu wafu banalala namna gani!"

"Hilo halimo katika maswali yangu."

"Docteur, bibi yangu ni muzima," Melchior akasema.

Daktari akamwomba aondoke dirishani, alikuwa anaziba mwanga. Akaandika jina la ugonjwa, na vidonge vya asubuhi na jioni.

Nje, Léa alipiga ukuta kwa kiganja. "Ningemwambia nini tena, mie?"

"Ungenikana."

"Nikikukana, namuzika nani?"

Sasa Léa analala mchana kutwa. Majirani ndio wanaopalilia maharagwe yake. Kasika anangoja apone. Daktari alihamishiwa Bunia, na huko wanamsifu. Askari bado yuko kwenye kizuizi. Melchior anakaa mlangoni pa jikoni, macho wazi. Hajazikwa.